TAHADHARI: Viboksi vya "kupunguza umeme" vinavyopitishwa nyumba kwa nyumba Mbagala

Ndugu zangu, hasa wenye friza za biashara, someni hii kabla hamjatoa hela.

Wiki tatu zilizopita alikuja kijana nyumbani, amevaa kizibao cha kung'aa kama mafundi wa umeme, kitambulisho kimegeukia kifuani huwezi kukisoma. Mimi nagandisha barafu za ubuyu na friza haizimwi, kwa hiyo aliposema, "Mama, nimekuja kukupunguzia umeme nusu kwa nusu," nikampa kiti. Hakusema anatoka TANESCO. Alisema "tunashirikiana nao". Kifaa chenyewe ni kiboksi cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, kina taa ya kijani, 25,000 kimoja. Nikachukua viwili.

Kilichonimaliza ni onyesho. Alikuja na mota yake ndogo na ile ampea ya kubana waya, kipimo kinachoonyesha mkondo wa umeme unaopita. Akawasha mota, ampea ikasoma namba. Akachomeka kiboksi, namba ikashuka karibu nusu, naiona kwa macho yangu.

Sasa matokeo. Umeme wa 10,000 kwangu ni uniti 28, na kabla ya viboksi nilikuwa naumaliza siku sita. Nikanunua tena wa 10,000 viboksi vikiwa ukutani: siku sita. Nikanunua tena: siku sita. Kimoja kikaanza kupata moto na kunuka plastiki, ndipo nikamwita fundi wa mtaani akakifungua. Ndani kuna kapasita moja (kidude cha kutunza umeme kidogo na kuurudisha), vikorokoro vya kuwasha hiyo taa ya kijani, na nafasi tupu. Basi.

Fundi alinieleza hivi. Mota huvuta mkondo mwingine ambao haiutumii, inaurudisha. Ampea inausoma wote. Kapasita ikiwekwa karibu, huo mkondo unazunguka kati yake na mota, kwa hiyo ampea inashuka kweli. Lakini mita ya LUKU haikati kwa kinachosomwa na ampea. Inakata uniti, yaani umeme uliotumika hasa, na huo hausogei hata kidogo. Viwandani kapasita kubwa zinaokoa hela kwa sababu wateja wakubwa wanatozwa pia kwa kVA, kipimo kinachohesabu hata ule mkondo unaorudishwa. Mimi na wewe hatutozwi hivyo, na hapo ndipo uongo wao ulipojificha.

Akija kwako, mwambie aache mota yake, atumie jagi lako la umeme la kuchemshia maji. Jagi halina mota wala mkondo wa kurudisha, kwa hiyo ampea haitashuka. Au tazama kile kitaa kinachopepesa kwenye mita: washa jagi peke yake, hesabu kinapepesa mara ngapi kwa dakika moja, kisha chomeka kiboksi uhesabu tena. Namba ni ile ile. Mimi nimejaribu mara nne.

Kuna jirani alikuwa anaapa chake kinafanya kazi. Tulipokaa tukakuta alikinunua baridi ya Julai inaanza, feni mbili zimezimwa. Tena manunuzi yake ya kwanza ya mwezi yalikatwa kodi ya jengo, ya pili hayakukatwa, akaona uniti zimeongezeka akadhani ni kiboksi.

Linaloniuma zaidi ni mzee mmoja mstaafu hapa mtaani. Anaishi peke yake, ana taa tatu na televisheni, na ameuziwa viboksi vitatu, 75,000. Matumizi yake hayafiki uniti 40 kwa mwezi, na bado yuko kwenye T1, kundi la bei ya kawaida. Kwenye D1, kundi la wenye matumizi madogo, uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, kwa hiyo mwezi wake ungekuwa chini ya 5,000. Hela aliyompa yule kijana ingemtosha umeme wa zaidi ya mwaka. Nimeenda naye ofisi ya TANESCO kuomba abadilishiwe.

Mimi tatizo langu lilikuwa mpira wa mlango wa friza. Nilibana karatasi mlangoni, ikachomoka bila kukwama hata kidogo. Nimebadilisha mpira, na sasa umeme ule ule unafika siku ya saba.

Nilipompigia kijana kudai hela yangu, akaniambia mita yangu ndiyo mbovu, nimpe 70,000 "aiweke sawa". Msikubali kabisa. Huko ni kuchezea mita, ni wizi wa umeme, na atakayekamatwa ni mwenye nyumba, yeye atakuwa ameshaondoka. Moto ukitokea, nyumba ni yako.

Mlionunua, msitupe viboksi, na msifute ujumbe wa muamala wa simu. Napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, tukiwa wengi itasaidia. Vichomoeni ukutani leo.

Jana nimeambiwa ameonekana Charambe, anapita mchana wakati vijana wako kazini. Kama mama au baba yako anabaki nyumbani peke yake, mpigie simu sasa hivi umweleze.