Uzoefu wangu: Ziara ya Rathcroghan, makao ya Malkia Medb

Safari yangu ya kwanza magharibi mwa Ayalandi niliilipia kwa kampuni ambayo sitaitaja, na humo Medb, malkia wa hadithi za kale za Ayalandi, alitajwa kwa dakika chache tu, kama mwanamke mwenye uroho aliyezusha vita kwa ajili ya fahali. Niliudhika sana. Mwaka huu nikachagua ziara ya miguu ya Rathcroghan, katika kaunti ya Roscommon, inayoanzia kijijini Tulsk, na naipendekeza kwa moyo wote.

Mwongozaji wetu hakuanza na fahali. Alitupandisha juu ya kilima cha kale, akatueleza kwamba kwa Waayalandi wa kale mfalme hakuitwaa nchi bali aliioa: kutawazwa kwake kuliitwa banais ríghi, yaani harusi ya ufalme. Jina la Medb lina undugu na pombe ya asali na maana yake ni mwenye kulevya, kwa sababu yeye, kama mungu mke wa nchi, ndiye aliyemnywesha mwanamume kinywaji cha utawala. Kwa maelezo hayo, wale waume wengi wa Medb, ambao wasimulizi wa baadaye waliwafanya aibu yake, nikawaona kuwa ni wafalme wanaopokezana kiti huku nchi ikibaki ile ile. Akatusimulia pia kisa cha Niall, mfalme wa hadithi za kale, aliyekubali kumkumbatia kikongwe wa kutisha aliyelinda kisima, naye kikongwe akageuka mrembo na kumwambia kuwa yeye ndiye Utawala wenyewe.

Kisha tukaingia Oweynagat, pango la paka. Mlango wake ni mdogo mno, mtu huingia kwa kutambaa, na tope lilinifika viwikoni, kwa hiyo msiende bila buti za mpira na nguo za kubadilisha. Mwongozaji alipolipiga tochi kwa ubavu jiwe lililolala juu ya mlango, mikato mifupi ya Ogham, mwandiko wa kale wa Waayalandi, ikajitokeza ukingoni: VRAICCI MAQI MEDVVI, ambayo wengi huisoma “ya Fraech, mwana wa Medb”. Niliitazama mpaka wenzangu wakaniita.

Nimeamua kurudi mwishoni mwa Oktoba, wakati wa Samhain, sikukuu ya kale ya mwanzo wa majira ya baridi, kwa kuwa hadithi za kale husema Morrígan, mungu mke wa vita, hutokea pangoni humo usiku huo.