Fundi Mkongo wa Kayole: mshono nyota tano, tarehe nyota mbili

Niliingia duka hili, hatua chache kutoka steji ya Masimba hapa Kayole, Nairobi, nikiwa na yadi sita za kitenge nilichonunua Eastleigh, na harusi ya binamu yangu imebaki wiki mbili. Fundi alikifinya kitambaa kwa vidole, akasema, "Mama, hii kikwembe itapunguka. Tuitie maji kwanza." Kikwembe ndiyo kitenge kwao. Mafundi wengi niliowazoea hukata siku hiyohiyo, ukifua mara moja gauni linapanda magotini.

Gauni lilitoka na bitana mpaka chini, zipu imefichwa usiione, na maua ya kitenge yamekutana kwenye mshono wa mgongoni kama vile kitambaa hakijawahi kuguswa na makasi. Mikono nilitaka ya puto. Akanitazama mabega, akasema ataipunguza. Nilinuna. Kwenye picha za harusi nimeona alikuwa sahihi.

Bei ilikuwa 2,800, bitana ikiwemo. Tulipatana gauni liwe tayari Jumanne, nikalipata Jumamosi saa mbili asubuhi, na misa ni saa nne! Anasema siku mbili zilimwishia kwenye foleni ya karatasi zake za ukimbizi, cherehani imefunikwa. Malipo ya M-Pesa nayo huenda kwa namba yenye jina la jirani, na risiti ni ukurasa wa daftari la shule.

Kazi yangu ni faili za wafanyakazi katika kiwanda kimoja Industrial Area, kwa hivyo hizo karatasi nilizichokonoa. Alitoka Goma mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, akaacha cherehani tano na wanafunzi watatu. Hapa alianzia kwa mwenye duka aliyemlipa 250 kwa gauni ambalo mteja alilipia 2,000. Angemshtaki wapi, bila kibali cha kazi? Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa au kufanya biashara. Ukitaka kufanya ufundi wako, inasema sifa zako ziwe zinatambuliwa na mamlaka za Kenya. Cheti chake kilibaki Goma, na ni cha Kifaransa. Akikumbuka kwamba Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, hucheka mpaka pini zinamtoka mdomoni.

Nilimwambia akafanye mtihani wa ushonaji wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya ufundi wa viwandani, aanze na gredi ya tatu. Shemeji yangu alipata cheti cha ususi hivyo, na kusuka alijifunzia kibarazani kwa mama yake. Mtu anayelinganisha maua ya kitenge namna ile hawezi kushindwa kushona sketi mbele ya mtahini. Kibali cha daraja M, kile cha wakimbizi, nimemwahidi kumjazia fomu mwenyewe.

Siku hizi hajaajiriwa na mtu. Kodi anagawana na mama wa hapa Kayole anayeuza uzi na vifungo, na wasichana wawili wa mtaa wanajifunza kwake. Mmoja ndiye aliyelipiga gauni langu pasi asubuhi ile nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

Ukienda, jipe wiki tatu, na tarehe ya kweli ya sherehe usiitaje. Mimi nimeshapeleka kitambaa cha Krismasi, nikamwambia ni cha Novemba.