Mani planti za viriba, Tabora mjini: mche mzuri, udongo mbaya

Mani planti, yaani mmea wa mapambo unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, zinazouzwa kwenye viriba vyeusi pembezoni mwa barabara za Tabora mjini zinafaa kununuliwa. Mche ni imara, michirizi ya njano imekolea, na bei inapungua ukichukua miwili mitatu. Kasoro kubwa iko chini, kwenye udongo.

Wauzaji wengi hujaza udongo mweusi wa mbugani kwa sababu unaonekana una rutuba. Kwa mpunga ni sawa, kwa mani planti ni balaa. Ukilowa unashikamana kama ugali na kuinyima mizizi hewa. Ukikauka unasinyaa na kuachana na kiriba, kisha maji unayomwagia yanateremka pembeni na kutokea chini huku katikati pamebaki pakavu. Ndiyo maana mtu anamwagilia kila siku na majani bado yananyauka.

Chana kiriba wiki ya kwanza, loweka donge kwenye beseni, uondoe udongo taratibu kwa vidole bila kukata mizizi. Panda upya kwa makopo mawili ya udongo wa juu uliookotwa chini ya mwembe, kopo moja la mchanga wa mtoni na kopo moja la pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi, zisifike kuwa majivu. Pumba utazipata kwenye mashine ya kukoboa. Chungu kiwe na tundu, na kizidi upana wa kiriba kwa vidole viwili tu. Kikubwa mno hubaki na maji yasiyofikiwa na mizizi, nao uozo huanzia hapo.

Kabla ya kulipa, shika shina karibu na udongo ulivute kidogo. Likigoma, lina mizizi. Likichomoka, ni pingili iliyochomekwa juzi, usiilipie bei ya mche. Pingili yenyewe hata hivyo haina hasara: ikate chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota kwenye shina) chenye kinundu cha kahawia, uzamishe kifundo kwenye glasi ya maji, jani libaki nje. Jani na kikonyo bila kifundo vinaweza kutoa mizizi, lakini havitachipua kamwe. Badilisha maji kila baada ya siku nne, mbu wasipate pa kuzalia. Baada ya wiki mbili au tatu mizizi itakuwa tayari kwa chungu.

Nyumbani, weka karibu na dirisha la mashariki. Kumbuka wavu wa mbu unapunguza mwanga: majani mapya yakitoka kijani kitupu, sogeza mmea karibu zaidi. Jua kali la alasiri mwezi Oktoba huacha mabaka ya kahawia yasiyopona. Mwagilia pale kidole kikizama hadi pingili ya kwanza bila kukuta unyevu, na baridi ya Juni na Julai ikiingia, punguza.

Kiangazi cha vumbi ndicho msimu wa utitiri mwekundu. Geuza jani: ukiona vidoa vya mpauko na utando mwembamba, futa pande zote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko cha chai kwa lita moja, urudie kila wiki hadi waishe.

Jambo moja ambalo wauzaji hawasemi, nalo ni zito: utomvu wa mmea huu una fuwele zinazochoma mdomo na koo. Uning'inize mahali ambapo mtoto anayetambaa, paka wala mbuzi hawafiki.