"Mwite baba tuongee naye": mimi, chenso ya marehemu na duka ambalo sirudi

Nilijiapiza sitaliandika hili. Lakini juzi nimepita Mafinga mjini, nikamwona yule kijana wa dukani kakaa palepale kwenye kiti chake cha plastiki, simu mkononi, hasira ikapanda upya kama ya siku ile.

Chenso yenyewe, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, ni ya Kijerumani, ile kubwa ambayo wapasua mbao wote wa huku Mufindi wanaijua kwa mlio tu. Aliinunua marehemu mume wangu. Alikuwa na utaratibu wake: akimaliza kazi anamwaga petroli yote, anaiwasha tena mpaka inazima yenyewe, ndipo anaifuta na kuiingiza ndani, chumbani kwetu hasa, nami nikilalamikia harufu. Alipofariki nikamwazima mpwa wangu. Mpwa akaikodisha huko na huko, akaja kuitupa kwenye banda la kuku tanki likiwa na mafuta, ikakaa masika mawili. Nilipoitoa, kuku walikuwa wameifanya kiti chao na nyigu wamejenga kichuguu cha udongo ndani ya eksozi. Kwa hiyo lawama ya kwanza ni yangu, sikatai. Mwenye mali ni mimi.

Nina heka mbili za paina, nilitaka kupunguza miti iliyosongamana. Nikaifunga chenso kwenye kiroba, nikapanda bodaboda hadi dukani. Sikwenda kununua. Nilitaka mtu anayejua aniambie kitu kimoja tu: itengenezeke, au nianze kukusanya hela ya mpya?

Kijana hakuinuka. Alifunua kiroba kwa ncha ya kiatu. Nasema kiatu! Akaangalia kinyesi cha kuku, akacheka, akasema, "Mama, hii peleka skrepa." Nikamwomba avute hata kamba asikie. Akasema hana muda wa kuchafuka, halafu ndiyo akatoa lile neno: "Mwite baba aje tuongee naye, haya mambo ya mashine." Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Huenda hata mama yake nilimfundisha. Nikamwambia baba yuko kaburini, kama anataka kuongea naye aende. Hakujibu. Akaniwekea mezani karatasi ya bei ya mpya: milioni mbili kasoro kidogo. Pembeni kulikuwa na za Kichina, hazifiki hata robo ya hapo, akasema "kwa mama kama wewe hizi zinatosha."

Ukweli ni kwamba nusura ninunue. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hununua haraka. Iliyoniokoa ni pochi.

Bodaboda ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mlingoti, nje kidogo ya mji. Hana bango, ana turubai na kopo la misumari. "Kamwene, mama." Akaniondolea mzigo begani kabla sijasema lolote. Akapangusa chenso kwa matambara. Kisha akaishika kwa mpini wa kamba ya kuwashia, akainua juu, akaiachia ining'inie. Ikashuka kidogo, ikasita, ikashuka kidogo, ikasita. Mzee akatabasamu: "Bado ina pumzi." Akanieleza kwamba injini iliyokufa huporomoka moja kwa moja kama ndoo iliyokatika kamba, maana hakuna upepo unaobanwa ndani. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, na halichafui zaidi ya kiganja.

Hakuishia hapo. Alifungua eksozi, akatoa kile kichuguu cha nyigu, akaniita nichungulie kwa tochi ya simu. Pistoni inaonekana pale tundu lilipo. Ilikuwa laini, inang'aa, haina mikwaruzo ya kushuka. "Ningeona imechanika hapa," akasema, "ningekwambia mwenyewe ukanunue nyingine." Silinda na pistoni vikiharibika pamoja, kwa chenso kubwa hivi, gharama inaanza kuikaribia mashine nyingine, na ukiweka vipuri vya bandia utarudi baada ya miezi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye mafuta. Petroli iliyolala ilikauka ndani ya kabureta ikawa gundi ya rangi ya chai, zile ngozi nyembamba za ndani zikakakamaa kama ganda la kitunguu, na mpira wa mafuta ulikatikia mkononi mwake. Hapo ndipo alipogomba, na mimi nilinyamaza kama mwanafunzi: kama ningefanikiwa kuiwasha hivyohivyo na mpira umepasuka, ingevuta hewa nyingi na mafuta kidogo, ikapata joto, ikanoki. Yaani ile kamba ambayo kijana alikataa kuivuta, nami nilikuwa nimeivuta nyumbani mara ishirini nikiomba iwake.

Ngozi mpya, mpira, plagi, chujio na ufundi: elfu tisini na tano. Iliwaka mvuto wa tano. Nililia, sitaki maswali.

Kwa hiyo tengeneza, usinunue? Subirini kwanza. Siku ya tatu shambani baa, lile bamba refu la chuma ambalo mnyororo unalizunguka, ikaanza kutoa moshi na kugeuka bluu. Oili ya mnyororo ilikuwa haitoki kabisa. Mpwa wangu alikuwa akitia oili chafu ya malori, ile yenye masizi na vumbi la chuma, na chujio la ndani ya tanki la oili lilikuwa limeziba kabisa. Mzee hakulifungua. Nampenda mzee yule lakini hapo aliteleza, na baa mpya nimelipa mimi. Ukijumlisha na nauli zangu za kwenda na kurudi, kuna jioni nilikaa na daftari nikajiona mjinga mwenye huruma na chuma. Chenso mpya isingenifanyia hivi. Labda. Ya Kichina ya jirani yangu nayo imekaa kwa fundi tangu kabla ya masika.

Sasa baa mpya inataka mnyororo mpya, na siku ile wa saizi yangu ulikuwa kwenye duka moja tu. Mnajua lipi. Nilikwenda nimemeza kiburi, nikamwambia kwa sauti ya darasani: meno ya chini, yale yanayoingia kwenye mfereji wa baa, 72. Nilikuwa nimeyahesabu mara mbili kwa kuyatia alama ya chaki. Akakata kutoka kwenye bunda, akaunga, akanipa ndani ya mfuko, simu ikiwa begani. Nilipofika nyumbani haukuingia. Nikahesabu: 68. Nikarudi kesho yake, akasema ukishakatwa haurudishwi, na kwamba pengine nilihesabu vibaya, "si unajua macho ya uzee."

Nilimwambia ahesabu yeye mbele yangu. Akahesabu. Akafika 68, akanyamaza, akasema mwenye duka hayupo.

Mnyororo wa kufaa niliagiza Iringa, ukaja na basi siku mbili baadaye. Chenso inakata. Nimeshaangusha paina kumi na saba, nikiwa na kijana wa kuishika na mimi mwenyewe nikichanganya mafuta: lita tano za petroli, mililita mia moja za oili yake, kama alivyokuwa akipima marehemu. Jioni namwaga, naiwasha mpaka inazima, inalala chumbani.

Huo wa meno 68 uko juu ya kabati. Mwenye baa inayoukubali aje auchukue, simdai kitu.