File History ya Windows kwenye diski ya nje: inatunza vizuri, ila usafi unabaki kwako

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari zenu. Karibuni.

Hapa mezani nina diski ya nje ya TB 2, ile ya kawaida yenye sahani zinazozunguka ndani, na imejaa hadi Windows imeanza kulalamika. Ndani yake kuna bakapu za kompyuta tatu. Mbili zilishaacha kazi, moja ndiyo hii ninayoitumia. Lakini leo sichambui diski. Ninachambua File History, programu ya bakapu iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012 na mpaka sasa ipo kwenye Windows 10 na 11, bure, bila kupakua chochote. Nataka tuone inavyoijaza diski, inavyosafishwa, na wapi inakuachia kazi uimalizie mwenyewe.

Mada hii ina haraka yake. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wetu tumebadilisha kompyuta karibu na tarehe hiyo. Diski ya bakapu ni ileile, imehamishiwa kwenye mashine mpya, na vitu vya mashine ya zamani vimekaa humohumo. Siku inapojaa, mtu anatafuta folda kubwa kuliko zote, anaifuta, anashusha pumzi. Baada ya miezi miwili anatafuta picha za harusi ya dada yake. Naomba sana tusifike huko.

Haya, tuifungue. Folda hii inaitwa FileHistory. Ukiingia unakuta jina la mtumiaji, ndani yake jina la kompyuta, halafu folda mbili: Configuration na Data. Configuration iacheni kama ilivyo, ndimo Windows inamoweka kumbukumbu za kazi yake. Vitu vyenu vimo kwenye Data, vimepangwa kama vilivyokuwa kwenye kompyuta: C, Users, jina lako, Documents, Pictures, na kuendelea.

Sasa tazameni faili hii moja, naikuza ili hata anayeangalia kwa simu aione. "Mkataba wa pango (2023_06_14 17_15_09 UTC).docx". Hiyo namba kwenye mabano ni tarehe na saa toleo hilo liliponakiliwa. Ila angalieni vizuri hizo herufi tatu za mwisho. Saa hiyo si ya kwetu, ni saa ya kimataifa. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo hapo palipoandikwa 17_15 kwetu ilikuwa saa mbili na robo usiku. Mtu anayetafuta toleo la kabla ya mteja kubadilisha vipengele vya mkataba, asipojua jambo hili, atachukua toleo ambalo silo.

Chini yake kuna mkataba uleule wa tarehe 15, wa tarehe 19, na wa mwezi uliofuata. Kila mmoja ni faili kamili. File History haibani faili wala haiweki tofauti peke yake, inanakili faili nzima upya kila inapoona imebadilika. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye programu hii. Kompyuta ikifa leo, chomeka diski kwenye mashine yoyote, hata ya Linux, fungua folda, chukua faili yako. Hakuna programu ya kununua, hakuna muundo wa siri wa kufungua. Kuna programu za bakapu za kulipia ambazo haziwezi kukupa hilo.

Na ndilo hilohilo linaloijaza diski. Mkataba wa KB 30 hauna neno hata ukiwa na matoleo mia. Lakini chukulia fundi wa michoro mwenye faili ya Photoshop ya GB 1. Mpangilio inaokuja nao ni kunakili kila saa. Akiifanyia kazi na kuihifadhi kutwa nzima, saa nane, hizo ni GB 8 kwa siku moja, kwa faili moja. Juu ya hapo, muda wa kutunza matoleo umewekwa "Forever", yaani milele. Mpangilio huu siupendi hata kidogo. Mtu wa kawaida hajui kama upo, anaona tu siku moja ameambiwa diski imejaa.

Kusafisha, twende. Kwenye Windows 11 usiitafute kwenye Settings, hutaipata. Andika "Control Panel" kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia System and Security, kisha File History, halafu upande wa kushoto bofya "Advanced settings". Hapo kuna mambo mawili. Juu kuna muda wa kunakili na muda wa kutunza. Mimi ninapendekeza kila saa tatu kwa kunakili, na mwaka mmoja kwa kutunza. Mwenye diski ndogo achague "Until space is needed", matoleo ya zamani yatapisha mapya. Chini kuna "Clean up versions", inayoondoa matoleo yaliyozidi umri utakaouchagua na kuliacha la mwisho la kila faili.

Kabla hamjabofya, nisikilizeni hapa. Usafi huu hauishii kwenye matoleo ya zamani. Folda yoyote uliyoitoa kwenye orodha ya bakapu, au uliyoiondoa kwenye Libraries (mikusanyo ya Windows ya folda kama Documents na Pictures), inafutwa nayo kwenye diski. Yote, na toleo lake la mwisho likiwemo. Ukisoma maelezo kwenye dirisha lenyewe yanasema hivyo, ila kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Kwa hiyo kama ulitoa folda ya video kwenye bakapu ili kupunguza mzigo, ukawa unategemea kwamba nakala ya zamani ipo kwenye diski, ihamishie kwanza folda nyingine nje ya FileHistory, ndipo usafishe.

Na sasa zile kompyuta mbili zilizoacha kazi. "Clean up versions" haizigusi. Inasafisha bakapu ya mashine uliyokalia tu. Folda zenye majina ya mashine za zamani zitabaki vilevile miaka yote mpaka uzishughulikie kwa mkono, na hapa ndipo File History ninaipunguzia alama.

Njia ninayoifuata ni hii. Kwanza kabisa ninapima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo. Ikiandika "Caution", ukaona namba imepanda kwenye mstari wa C5, unaohesabu sehemu za diski zinazosumbua kusomeka, usafi unasimama hapohapo. Kilicho muhimu kinatolewa kwanza kwenda diski nyingine. Afya ikiwa nzuri, ninafungua WizTree inionyeshe ni nini kimekula nafasi. Kwenye diski ya NTFS, yaani mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, inamaliza kwa sekunde chache, hata kama ina mamia ya maelfu ya faili.

Kisha ninaingia kwenye Data ya mashine ya zamani na kupanga faili kwa jina. Kwa kuwa tarehe inaanza na mwaka, matoleo ya faili moja yanakaa pamoja na la mwisho linakuwa chini. Hilo la chini ndilo ninaloangalia kama ninalo kwenye kompyuta mpya. Kama sinalo, ninalinakili. Folda za picha ndizo zinazostahili muda wako mwingi. Hapa usikimbie. Barua za kazi za 2017 zinaweza kusubiri, picha ya bibi haipigwi tena.

Ukisharidhika, chagua folda ya mashine ile na ufute kwa Shift na Delete kwa pamoja. Ukitumia Delete peke yake, vitu vinakwenda kwenye kapu la taka la diski yenyewe na nafasi hairudi. Faili ndogondogo zikiwa nyingi itachukua muda mrefu. Iache imalize, usichomoe waya.

Mkikuta folda inayoitwa WindowsImageBackup, hiyo si ya File History. Ni nakala ya mfumo mzima wa Windows pamoja na vilivyomo, na Microsoft iliitangaza kuwa ya kuachwa tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka 2017. Kama mashine yake bado inafanya kazi, usiibadilishe jina, la sivyo Windows haitaitambua siku ya kurejesha. Kama mashine ilishakufa, tafuta ndani faili kubwa yenye kiambishi cha VHDX, ibofye mara mbili, itajifungua kama diski nyingine. Toa hati na picha zako, uitenganishe kwa "Eject", kisha folda yote iende. Kwa diski niliyoishika, yenyewe peke yake ilikuwa imekalia nafasi kubwa kuliko bakapu za kompyuta zote.

Hukumu yangu. Mwalimu, mhasibu, mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwenye ofisi ya uchapaji: itumieni File History, na badilisheni "Forever" leo hii, kabla ya kitu kingine. Wahariri wa video na wapiga picha wanaofanya kazi na faili kubwa, hapana, itawajazia diski kila mwezi. Tafuteni programu inayonakili kilichobadilika tu. Na kwa walioniuliza kama wanunue SSD ya nje, ile diski ya kasi isiyo na sahani zinazozunguka, kwa kazi hii: hamna haja. Bakapu inanakiliwa nyuma ya pazia wakati mnaendelea na shughuli zenu, kasi yake hamtaiona. Pesa hiyo inunue diski mbili za kawaida, moja ikae nyumbani, moja ofisini.