Kamba ya mpira ya kuvutia baiskeli ya mtoto: nimeitumia miezi 7 msituni

Kila tukifika kwenye mwinuko mambo yalikuwa yaleyale. Baba yao na kifungua mimba wetu wa miaka 12 wanapotelea kwenye miti huko mbele, mimi nabaki nyuma na kitinda mimba wa miaka 7, ameshuka, ameegemea usukani, machozi yanamlengalenga. Si mvivu mwanangu. Ana kilo 23, na baiskeli yake ina kilo 11, karibu nusu ya uzito wake. Mimi nina kilo 74. Kwa hesabu hiyohiyo ningekuwa napandisha chuma cha kilo 35 juu ya mizizi.

Basi tukanunua kamba hii. Ni mpira uliovishwa nailoni, una kitanzi kila ncha. Ikiwa imelegea haifiki mita 1 na nusu, ikivutwa inakaribia 3. Kitanzi kimoja unakivisha kwenye siti yako, cha pili kwenye shingo ya usukani wa mtoto, pale katikati. Katikati kabisa, nasisitiza. Siku ya kwanza waya za breki zilinisumbua nikakivisha upande mmoja wa usukani, na nilipoanza tu kuvuta, tairi lake la mbele likageuka. Sasa nasogeza waya kwanza, halafu namwambia abane breki zote mbili nione kama zinashika.

Ninachokipenda ni ule mpira wenyewe. Kamba ya kawaida ingemshtua kila ninapokanyaga pedali. Hii inakaza polepole na kulegea polepole, hata mvuto unamfikia kama mkono wa mtu anayemsukuma mgongoni. Bado anakanyaga mwenyewe, bado anachagua apite kushoto au kulia kwa jiwe. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote: hajageuka kuwa mzigo, anaendesha. Mimi kazi yangu ni kutulia kwenye siti, kuweka gia nyepesi na kukanyaga bila pupa. Nikisimama juu ya pedali siti inayumba, naye anayumba pamoja nayo.

Kuhusu kona, karatasi ya maelekezo haikusema lolote, na ilipaswa kusema. Kamba haifuati njia, inakata kona. Tulikuwa tunapanda njia nyembamba inayozunguka kisiki. Mimi nilishapita, kamba ikalala upande wa ndani, ikamvuta mwanangu moja kwa moja hadi kwenye kile kisiki. Aliangukia majani makavu, goti likachubuka, akalia kwa hofu kuliko kwa maumivu. Tangu siku hiyo tuna neno letu, "legeza". Akilitamka naacha kukanyaga papo hapo, hata kama tumebakiza hatua 2 kufika juu. Na kona naizunguka kwa upana wote ambao njia inaruhusu, mwendo wa kutembea.

Kwenye mteremko haitumiki. Tukifika juu tunaivua, hata kama kinachofuata ni kijiteremko cha hatua 20. Mtoto aliyefungwa hana mwendo wake mwenyewe. Ukifunga breki ghafla tairi lake linaparamia lako, na kamba iliyolegea inaweza kunaswa kwenye spoku.

Kasoro zipo. Haikuja na kifuko, na kamba yenye tope huna pa kuiweka. Nailoni imeanza kuchanika pale inaposuguana na vyuma vya siti, nami nimezungushia kipande cha tyubu kuukuu. Tena pakiti inasema inafaa watoto wa umri wote, jambo ambalo silikubali hata kidogo. Kama vidole vya mtoto havifiki kwenye mkono wa breki, asifungwe kamba. Kwa wangu ilibidi nikaze kwanza kiskrubu kilichopo kwenye mkono wa breki ili usogee karibu na vidole vyake.

Wiki iliyopita tulirudi kwenye mwinuko uliokuwa ukimliza. Tulipopita nusu nikasikia, "Mama, legeza." Nikaacha kukanyaga, nikageuka nikidhani ameteleza. Alikuwa ameshaanza kuvua kitanzi kwenye usukani wake, anataka kumalizia mwenyewe. Nikaikunja kamba, nikaitia mfukoni, nikamfuata nyuma.