Diklofenaki au meloksikamu: sindano ya ng'ombe na uhai wa tumbusi

Dawa hizi mbili hutuliza maumivu na homa ya ng'ombe. Tofauti huonekana mnyama akifa. Tumbusi akila mzoga wenye diklofenaki, figo zake hushindwa kazi na hufa ndani ya siku chache. Ukimpasua, unakuta utando mweupe kama chokaa, asidi ya yuriki, umetanda juu ya ini na moyo. Nchini India, tumbusi wa kiuno cheupe walipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya 1992 na 2007.

Meloksikamu, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe, haiwadhuru tumbusi. Kasoro yake ilikuwa bei. Marufuku ya India ya 2006 dhidi ya diklofenaki ya mifugo ilikwepwa kwa vichupa vikubwa vya diklofenaki ya binadamu, hadi 2015 vilipowekewa kikomo cha mililita 3. Na aseklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, si mbadala: mwilini mwa ng'ombe hugeuka diklofenaki.